Kamba Ina Mshikaji

Nyumba ya vioo ya Bi Eluned Pugh
ilikuwa na vioo arobaini na viwili.
Saa tatu na robo asubuhi vilibaki thelathini na vinane,
na tawi la mwaloni, zito kama ndama,
limejilaza juu ya miche ya nyanya
mfano wa mgeni aliyekosea kitanda.

Msumeno ukazimwa.
Juu kule Gethin alining'inia kwenye mkanda,
akatazama chini, akatazama mlima, akatazama chini tena.

Macsen, mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyeanza:
"Bibi yuko sokoni. Viwili vya pembeni
vilikuwa na ufa tangu zamani. Tuseme upepo."

Upepo!
Moshi wa jirani ulikuwa ukipanda wima, uzi mtupu.

Nina miaka kumi na mmoja katika kazi hii.
Nimevunja mfereji wa bati kule Dolgellau,
boneti la gari la kasisi (alicheka,
akasema bima nayo ina watoto wa kulisha),
na sungura wa plasta, bei yake mkate mmoja,
ila mwenyewe alikaa chini kwenye nyasi
akaokota masikio, akayafunga kwenye leso.
Tangu siku ile sijui kupima hasara kwa macho.

Tena kuna bomba la Corris, ambalo sikulisema.
Niliuziba ufa kwa tope, nikaugeuzia ukutani.
Mvua ikinyesha usiku huamka,
nikasikiliza nyumba ya mtu mwingine ikivuja.

Ajali haina kinga, huambiana tukinywa chai.
Kweli. Lakini kamba ina mshikaji,
na mshikaji nilikuwa mimi,
na nilikuwa nikitazama mwewe.

Gethin alishuka bila haraka, akavua helmeti.
Hakuuliza ni nani.
"Asione kabla hajasikia," alisema,
akaenda kutafuta ufagio.

Basi nikatoka hadi barabarani, glavu mkononi,
pale linaposhusha watu basi la sokoni,
na hesabu ya vioo vinne mdomoni,
na neno mwewe, ambalo sikujua kama nitalisema.

Likaja, likafunga breki.
Bi Eluned akashuka kinyumenyume, polepole,
fimbo kwanza, kisha mguu,
na kwapani, ndani ya gazeti,
mche mmoja zaidi wa nyanya.