Skrubu ya Mwisho

Kisanduku kilifika ndani ya shehena ya taulo,
kimeviringishwa gazeti la lugha nisiyoisoma.
Bwana Harakhchand alikipapasa kama tikiti sokoni:
"Laini mbili za nje, simu nane za ndani. Lini?"
Nikasema kesho. Ndivyo nilivyokuwa siku hizo,
mtu wa kesho, bisibisi mfukoni, jibu mdomoni.

Kanuni nilizijua. Nilizijua kama mtu anavyojua
kwamba jirani ana msiba, na bado akafungulia redio:
kifaa kwanza kipimwe, kipewe namba, kigongwe muhuri;
fundi awe na kibali, na kibali kiwe hai;
mchoro wa nyaya, nakala tatu;
kisha usubiri. Kusubiri hakukuandikwa kwenye fomu
ila ndiko kulikomaliza viatu.

Duka la vipuri, Barabara ya Kirinyaga,
orofa ya kwanza, juu ya mapipa ya grisi.
Nilitoboa ukuta, nikapitisha waya nyuma ya kalenda:
stoo, karakana, kaunta, chumba cha mhasibu
aliyetaka ya kwake isisikike kaunta.
Saa kumi jioni stoo ikaita kaunta.
"Haloo, nani mwenzangu?"
"Mimi. Geuka."
Wakacheka. Nikalipwa. Mvua ikaanza.

Siku ya tatu akaja Bi Syombua, mkaguzi,
mita shingoni, tope la Ngara hadi kwenye vifundo.
Hakuuliza kibali. Hakuuliza hata jina langu.
Alifungua kisanduku, akagusisha ncha mbili, akangoja.
Sindano ikaruka, ikagonga ukingo, ikakaa hukohuko.

"Waya wa ardhi umeufunga wapi?"
Nikaonyesha bomba la maji.
"Bomba hilo tulibadilisha Pasaka," mhasibu akadakia.
"Ni plastiki."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.
Aliweka kidole juu ya skrubu moja, ile ya mwisho,
pale waya wangu unapokutana na waya wa nje.
"Upande huu ni wa duka.
Pigianeni, tukananeni, unguzeni pazia lenu.
Upande ule ni wa watu.
Waya huu hauishi ukutani, fundi. Unateremka,
unavuka mto, unapanda nguzo iliyo mkabala na kinyozi,
na jana kwenye nguzo hiyo alikuwapo Odera,
koleo kinywani, mkono kwenye laini anayoijua,
volti hamsini, za kumtekenya tu.
Wewe ulimpelekea umeme wa stima."

Nilitaka kuuliza. Ulimi ukawa taulo.
"Yu hai," akasema. "Mkanda ulimshika.
Alining'inia robo saa, kichwa chini,
akitazama viatu vya waliokuja kutazama."

Kisanduku kikatwaliwa, na gazeti lake.
Kalenda ikarudi kuziba tundu.
Miezi mitano duka lilirudi kwenye desturi yake:
"Stoo! Beringi za Peugeot! Stoo, umekufa?"
na mapafu ya Harakhchand hayakuhitaji muhuri.

Mimi nilikwenda foleni.
Dirisha la sita, kalamu imefungwa kamba
kama mbuzi wa kuazima.
Swali la nne lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote,
mstari mmoja, visanduku viwili:
*Je, kifaa hiki chaweza kudhuru mtandao wa umma?*
Hapo awali nilikuwa natia alama ya Hapana
kabla macho hayajafika kwenye alama ya kuuliza.

Sasa nikasoma *mtandao*
nikaona soli za viatu, kutoka juu, zikiwa juu chini.

"Ni ndiyo au hapana tu," karani akasema.
Nyuma yangu mtu akakohoa, mwingine akasogeza begi.
Nikaomba nirudishiwe ule mchoro wa nyaya,
nakala zote tatu,
nikaupangusa kwa kiwiko, nikaanza kutafuta
ardhi iko wapi.