Nguzo ya Thelathini na Moja

Manispaa imenituma Birkat al-Mauz,
nguzo thelathini na moja, kando ya wadi isiyo maji.
Karatasi inasema: taa, malalamiko.
Nilidhani imeungua.
Kumbe kosa lake ni kuwaka.

Mlalamishi ni Bi Ghaniya, mwenye mitego ya bati
na daftari lililojaa mchanga kwenye mshono.
Ananionyesha panya wa miiba,
mgongo kama brashi ya viatu, tumbo limeshuka.
"Leo Disemba ngapi?" ananiuliza,
kana kwamba mimi ndiye niliyempa mimba.
Na kwa namna fulani ni mimi:
taa hii niliipandisha mwenyewe mwaka juzi,
nyeupe, ile isiyokula umeme.

Akachuchumaa juu ya jiwe akanifundisha.
Humu kichwani, nyuma ya macho,
mna saa ndogo kuliko punje ya mtama.
Kalenda haijui. Inapima giza.
Usiku ukirefuka, damu huambiwa: subiri,
na korodani za madume hunywea kama zabibu kavu.
Usiku ukifupika, damu huambiwa: haya,
na watoto huangukia penye majani.
"Huyu hesabu yake haina kosa," akasema.
"Wewe ndiye uliyempunja usiku."

Nikamkumbuka mama, mzaliwa wa Wete,
miaka hamsini Omani na saa yake ni ile ile:
jua likichomoza, kwake ni kumi na mbili.
Daktari wa macho alimwandikia saa tatu.
Yeye akasoma tatu, akangoja hadi usiku,
akaukuta mlango na kufuli lake.
Tulicheka wiki nzima.
Mbele ya panya huyu sicheki.

Fomu ya kazi haina mahali pa kuandika
*inawaka kupita kiasi.*
Nimepanda ngazi, nimechomoa fyuzi,
nimeitia mfukoni pamoja na funguo za gari,
nikaandika: Imeungua. Vipuri vimeagizwa.

Saa mbili za usiku, kwa saa ya mama.
Giza limerudi wadini kama mtu aliyesahau kitu.
Kwa huyu limechelewa.
Wiki hii atazaa, wawili au watatu,
manyoya tayari, macho karibu kufunguka,
watoke kwenye mawe ya baridi
kuyatafuta majani
ambayo taa yangu iliwaahidi.