Siku Yoyote

Kwenye ramani, Borgolame ni pale kidole
kinapopumzika kikitafuta mahali pengine,
kati ya Milano na Torino.

Tuna kanisa lenye saa inayochelewa dakika nne,
duka la dawa, baa ya Ermes,
shule ya watoto kumi na tisa
(wa ishirini yumo tumboni mwa Delfina,
tumeshamhesabu).
Kilichobaki ni mpunga.

Aprili maji hufunguliwa mashambani
na nyumba zetu huelea juu ya mawingu.
Mgeni angelipa kutazama.
Sisi tunafunga madirisha: mbu hawana dini.

Jino likiuma, Milano.
Mtoto akija, Novara.
Jeneza huletwa kutoka Vercelli
siku hiyo hiyo; kwa hilo hawachelewi.

Usiku kuna weupe pande mbili za mbingu,
wa mji ule na wa mji huu,
rangi ya chai iliyozidi maziwa.
Marehemu mume wangu husimama mlangoni, nikisema kweli
bado namwona, kofia mkononi, akinung'unika:
"Hata giza, mama, tumepunjwa."

Mwanangu Tiziano anakaa Milano. Dakika hamsini.
Mwaka ule alikuja mara tatu.
"Lakini ni karibu mno," ananiambia kwenye simu,
"naweza kuja siku yoyote."
Nimetazama kalenda ya duka la dawa, mbele na nyuma.
Siku Yoyote haimo.

Treni ya kasi haisimami kwetu.
Hupita, na vikombe vya Ermes hutetemeka rafuni,
ndiyo saa tunayoiamini.
Nyuma ya vioo, nyuso
kama karata mikononi mwa mchanganyaji:
huoni mfalme, huoni mbili.

Kisha Novemba moja ukungu ulishuka ukakaa,
mzito kama uji uliolala,
na treni ikazimika
katikati ya shamba la Oreste.

Abiria mia mbili na ushei.
Tuliwaongoza kwa tochi juu ya tuta la mfereji,
viatu vya ofisini vikinywa tope.
"Hapa ni wapi?"
"Borgolame."
"Yaani wapi?"
Bwana mmoja, kwa upole kabisa, aliuliza
kama tunaishi hapa mwaka mzima.

Ermes aliishiwa kahawa saa mbili, mvinyo saa tatu.
Mwalimu alifungua shule, wakubwa wakaketi
kwenye vile viti vidogo, magoti masikioni.
Mimi nilipika wali kwa maharage na soseji
katika sufuria la sikukuu, nikikoroga kwa mikono miwili.
Mwanamke wa koti la kijivu alimaliza sahani mbili
akaanza kulia. Sikumwuliza.
Njaa ya mtu ni siri yake.

Foleni ilisogea.
Nilikuwa natazama sahani, si nyuso,
nikajua kwanza ile saa ya babake, mkanda uliokatika
na kushonwa na mimi.

Behewa la sita.
Kila Alhamisi, kumbe, ana kazi Torino.
Kila Alhamisi, asubuhi na jioni,
kwa miaka miwili,
amekuwa akitikisa vikombe.

Nilimpakulia sawa na wengine.
Hapana. Nilimwekea soseji mbili.
"Mama," alisema.
"Songa," nikamwambia, "watu wana njaa nyuma yako."

Saa sita mabasi yalikuja kuwachukua.
Asubuhi tuliosha sahani, tukakunja meza,
tukakuta glavu moja, gazeti la Kifaransa,
na mwavuli mweusi, mpini wa mti, ghali.

Sasa Alhamisi nakaa kwa Ermes mapema.
Vikombe vikianza, yeye hanitazami;
hushika rafu kwa kiganja
mpaka ipite.

Mwavuli ungali kwenye ndoana pale mlangoni.
Mvua inyeshe vipi, hakuna anayeuazima.
Mwenyewe atakuja.
Ni karibu mno.