Gumba la Pumwani

Kwa Mutisya, nyuma ya soko la Kariokor,
karatasi kuukuu hupimwa kwa kilo,
za kufungia njugu.
Mimi huchambua kabla ya mizani,
nikitafuta mikia ya wino: sahihi
za wakubwa waliokwisha kuoza.

Jumamosi nilipata notisi ya kuhama,
Pumwani, mwaka thelathini na nane,
imetiwa sahihi na afisa fulani
aliyechora jina lake kama apigaye mjeledi.
Shilingi arobaini. Mutisya akanicheka:
"Mwalimu, utakula wino?"

Bwana Hirani wa Ngara akaiweka chini ya kioo chake,
akainusa, akaipa bei iliyonikausha mate.
"Ila hili doa hapa chini linaiharibu."

Doa.
Gumba la zambarau, na pembeni, kwa mwandiko wa karani:
Wambeti wa Njoka, muuza uji, chumba kimoja.
Mistari ya kidole imeburutika kushoto,
kama mkono ulioshikwa ukajivuta.

Sikuuza.
Usiku, Makadara, umeme umekatika,
niliikagua kwa tochi ya simu. Kwenye gumba
kuna kovu jembamba, la kisu au la sufuria.
Afisa hana kovu. Afisa ana mikia tu.

Nimeikunja karatasi
(Hirani atalia akisikia),
sahihi ikaenda nyuma,
gumba likabaki mbele,
na kwenye daftari langu la orodha,
penye safu ya "Mtia sahihi",
nikaandika jina lake, polepole,
kwa mwandiko wangu wa ubaoni.