Mti wa Ukumbi Mkuu

Mfalme yupo mara mbili, kulia na kushoto kwa mti,
uso ule ule, ndevu zile zile za mafundo,
kidole kimenyooka kama cha mtu anayeshtaki.
Juu yake duara lenye mabawa, na ndani yake mungu
kashika upinde sawasawa na wa mfalme.
Nilimuuliza Ilu-iqbi, msimamizi:
nani kamwiga nani?
Akanichapa kamba begani. Chonga.

Nikachonga. Mimi Nadinu, mateka wa kusini,
niliingia mji huu kamba moja na ng'ombe wetu.

Nyuma ya mfalme, majitu ya mabawa, vichwa vya tai,
ndoo mkono huu, mkono ule wameinua kitu kama koni.
"Wanaitakasa dola," akasema kuhani.
Sikubisha. Ila mkono ule naujua.
Mama yangu Banitu, kila mwaka maji ya mto yakianza kujaa,
alipanda mtende jike, karara la dume kiunoni,
akalikung'uta, poo, unga mweupe,
akashuka na mvi za siku moja, anacheka, anapiga chafya.
Hapa ikulu hakuna aliyekwaruzwa paja na mtende.
Majani wameyasuka kama ukili.
Tunda wamelisahau.

Baadaye nikahamishiwa ukumbi wa pembeni: vita.
Askari, mashoka, shina la mtende
limelala chini ya ukuta wa mji.
Patasi ile ile. Bwana yule yule.
Huku anaubariki, kule anaukata,
na katikati hatua arobaini. Nimezihesabu
kwa miguu iliyovimba.

Mlangoni, fahali mwenye uso wa mtu ana miguu mitano:
ukimjia mbele kasimama, ukimpita ubavuni anatembea.
Walinzi wamekwaruza vishimo kwenye msingi wake,
wanacheza kokoto, wanatukanana.
Fahali hawamwogopi. Wanaogopa zamu.

Kisha wakaja waandishi, wakapitisha maneno
juu ya magoti ya mfalme, juu ya ndoo, juu ya shina:
mfalme mkuu, mfalme hodari, mfalme wa ulimwengu
(ndivyo nilivyoambiwa; mimi naona
nyayo za ndege kwenye tope).

Lakini chini kabisa, karibu na sakafu,
pale jukwaa la kiti litakapofunika,
nilichonga tende moja, ndogo kama ukucha.
Haitakasi kitu.
Ina kokwa.