Kanda ya Makelele

Umeme wa Newala uliwaka saa kumi na mbili jioni,
saa nne jenereta ikashusha pumzi nyuma ya posta.
Kwa hiyo utoto wangu, ukiupima,
una saa nne tu kwa siku.

Mhandisi wa mradi wa maji alipofunga mizigo kurudi kwao
alimwachia mjomba Nampota televisheni ya kichogo,
deki, kanda moja ya katuni,
na kibao cheusi chenye vitufe vya mpira
tulichoambiwa ni kompyuta.
Tuliitafuta kompyuta yenyewe ndani ya boksi. Hatukuiona.
"Ndiyo hiyo hiyo," akasema mjomba. "Ubongo hauhitaji miguu."

Bara hapakuwa na kituo cha televisheni. Kioo kile
kilikuwa dirisha lililotazama ukuta,
mpaka deki ilipommeza mbwa mwenye kofia ya stesheni
anayelifukuza treni lake mwenyewe milimani.
Lugha yake ilijaa irabu, hakuna aliyeijua.
Dada yangu Ngaweje akamtia maneno:
"Nisubirini! Nimeacha mke ghalani, korosho hazijapimwa!"
Mara mia mbili tulimwona akianguka,
mara mia mbili tukacheka kabla hajaanguka.
Nikimkumbuka leo, bado anasema Kimakonde.

Kompyuta ilikula kanda za kawaida, hizi za redio.
Unachomeka waya kwenye redio kaseti, unabonyeza, unasubiri,
ndipo inalia,
kriiii, ngrrr, kriiii,
nyenje elfu waliofungiwa debeni.
Mistari ya buluu na njano inatetemeka pembeni mwa kioo,
dakika tano hakuna anayepiga chafya.
Kisha kisanduku cheupe kinaruka kisanduku cheusi.
Basi. Mchezo wenyewe huo.
Tuliuita Shimo la Mungu
maana ukikosea unaanguka, na chini hufiki.

Mwaka ule salfa ilipanda bei. Baba yuko Tanga, kwenye mkonge.
Mama hakujua kuandika; barua zake alizisema.
Akachukua kanda isiyo na jina wala wimbo,
"hii ya makelele,"
akajifungia jikoni na redio, akamsemesha mumewe.

Jioni nikachomeka. Kompyuta ilisikiliza sana.
Mistari haikuja.
Nikachomoa waya, nikasikia: "Baba Ngaweje..."
Sikungoja neno la pili.
Nilikuwa na miaka tisa, nimefiwa na mchezo.
Kanda nikaiviringisha kwenye mfuko wa salfa, nikaitupia darini.
Mama aliitafuta siku mbili.
Nilimsaidia kutafuta.

Juzi mafundi wa bati wameishusha.
Redio kaseti nimeazima kwa fundi saa wa stendi,
na mama kakaa kwenye kiti cha plastiki,
mikono mapajani, kama anayepigwa picha.

"Baba Ngaweje, wanao wazima. Ming'oko ipo.
Maji bado tunapanda nayo kutoka bondeni.
Salfa sijanunua.
Nduguyo anaitaka ile mikorosho ya chini. Nimpe, au nimkatalie?
Nijibu kabla mabibo hayajaanguka."

Mabibo yalianguka.
Mikorosho ya chini leo ina uzio wa watu wengine.

Nikatazama miguu yangu. Mama akatazama redio.
"Kumbe," akasema taratibu, "kumbe haikumfikia.
Na mimi nimemnunia marehemu miaka saba."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema dari, kusema mfuko,
lakini sauti yake ya ujana ikafika mwisho,
na pale alipoachia kitufe, mwaka ule,
chini ya maneno yake kikaibuka kilichobaki:
kriiii, ngrrr, kriiii.

"Na huyu anayelia?"

"Mchezo, mama. Unaanza."

Akanitazama kidogo, jinsi anavyotazama korosho yenye tundu.
"Basi uache uanze," akasema,
akageuza kiti chake kuelekea pembe ile
ambako zamani kilikaa kioo.