Sifuri

Mwaka Msimbazi ulipoingia ndani bila hodi
ukala godoro, cherehani ya mke wangu
na sanduku la mawe ya mizani,
nilikaa juu ya meza siku mbili
nikihesabu walionidhulumu.
Orodha ilikuwa ndefu. Jina langu halikuwamo.

Maji yalipokwenda, matopeni niliokota jiwe moja tu,
la kilo,
lile ambalo, kwa ombi la Chambuso muuza maharage,
nililitoboa kitako likapungua gramu hamsini.
Alinipa elfu tano. Nikanunua chipsi.

Mto ulibeba yote, ukaniachia hilo.

Nilicheka. Kisha nikaona haya, maana nilikuwa peke yangu.

Siku hizi niko Gerezani, chini ya turubai,
nafungua mizani za watu:
kutu, mende wakavu, punje za mchele wa zamani.
Wateja hulalamika nachelewesha kazi.
Ni huo mshale.
Sahani ikiwa tupu, sharti ulale kwenye sifuri.
Usipolala, kila utakachopima ni uongo,
hata ukipima kwa nia njema.

Sina elimu nyingine zaidi ya hiyo.
Alfajiri, kabla ya kelele za nyundo,
nakaa bila kuweka kitu juu ya sahani:
si deni, si mafuriko, si Chambuso.
Namtazama Athumani wa ndani.
Siku nyingine mshale hutetemeka mpaka adhuhuri.

Jiwe lile bado ninalo.
Nimegandamizia turubai, lisipeperuke.
Kwa kazi hiyo, uzito wake unatosha.